Simu Yangu Iliyobatizwa kwa Jagi

Mimi dada yangu hasikii. Wacha nianzie hapo, kwa sababu nisipoanzia hapo utafikiri nilikuwa napigania simu kama mtu mwenye hana shamba ya kulima.

Dada yangu mkubwa, yule alinibeba kwa mgongo nikiwa mtoto, ako Bungoma kwa boma ya marehemu bwana yake. Mimi niko huku Kitale tangu niolewe. Masikio yake ilifunga polepole, kama mlango yenye inasukumwa na upepo. Kwanza akaacha kusikia jogoo. Halafu akaacha kusikia kengele ya kanisa, akawa anafika wakati watu wanatoka. Sasa hasikii kitu. Lakini mdomo! Mdomo iko sawa kabisa. Anaongea kama mtu ako ng'ambo ya mto, na mto imejaa.

Kabambe yangu, ile simu ndogo ya kubonyeza, ilikuwa haitusaidii. Nilijaribu, haki. Nampigia, mke wa mtoto wake anamwekea kwa sikio, yeye anapiga nduru, "Yaya! Uko?" Yaya kwetu ni ndugu, awe mwanamke awe mwanaume. Mimi najibu, "Niko!" Yeye anauliza tena, "Uko?" "Niko, yaya!" "Mbona hajibu? Uko?" Tunaendelea hivyo mpaka salio inaisha, halafu anarudisha simu akisema mdogo wangu siku hizi ana maringo.

Ndiyo msichana wangu wa Nairobi akasema, mama, wewe unahitaji ile simu ya kuonana. Akatuma pesa.

Wueh. Hiyo simu ikafungua dunia, kwa sababu mke wa mtoto wa dada yangu tayari alikuwa na yake ya kuonana. Yeye anaongea na mdomo, mimi najibu na mikono. Tuko na alama zetu, hakuna mtu alitufundisha. Nikishika pua, hiyo ni ile mbuzi dume ya jirani. Nikiweka ngumi juu ya kichwa, ni marehemu mzee wangu, kwa sababu ya ile kofia yake. Nikifunga macho na kupanua mdomo, hiyo ni mwimbaji mmoja wa kwaya, simtaji. Jioni mimi nawasha moto, naegemeza simu kwa mkebe ya sukari, na yeye ako kwa kiti yake Bungoma anachambua kunde. Tunapika pamoja! Ananikemea, "Hiyo sukuma umekata nene, unapikia ng'ombe?" Mtu ako Bungoma, anaona sukuma yangu ya Kitale. Na hakuli mpaka nikule. Nikiinua tonge, yeye anainua yake.

Sasa unaelewa. Hiyo simu ilikuwa sikio ya dada yangu.

Lakini lazima niwaambie vile niliinunua, kwa sababu maneno yote ilitokea hapo.

Msichana wangu alisema ningoje akuje twende na yeye. Nikamwambia mimi nimenunua ng'ombe na nimenunua shamba, simu ndiyo itanishinda? Nikavaa viatu ya kanisa nikaingia Kitale mjini. Nikakuta duka moja wamefanya promosheni, wameweka spika mbili kubwa nje, muziki inapigwa mpaka tumbo inatetemeka. Hapo mbele kuna kijana ameshika maiki, na meza, na juu ya meza jagi ya glasi imejaa maji.

"Wamama wa Kitale mko?" Tukasema tuko. "Wa Suam mmeshuka?" Wakapiga makelele. "Wa Ndalu? Wa Ndalu hawana haraka, wanakuja!" Watu wakacheka. Huyo kijana anajua kuongea, bana. Akasema, "Simu hii haiogopi mvua! Haiogopi jasho! Haiogopi mtoto wa jirani!" Halafu akaichukua, akaiinua juu vile pasta anainua mtoto, akaizamisha kwa jagi. Yote. Ikakaa chini kabisa.

Watu wakasogea karibu. Nikaona kapovu kamoja kanapanda kutoka kwa hiyo simu, kanafika juu, kanapasuka. Nikajiambia, aai, kumbe inapumua!

Akaitoa, akaipanguza na tisheti yake, akaipigia na simu yake ingine. Ikalia. Mimi ndiye nilipiga makofi ya kwanza. Nikamwambia, mwanangu, nipee hiyo.

Akaingia ndani haraka akarudi na boksi imefungwa na karatasi ya nailoni.

Nikamwambia, "Hiyo ni nini?"

"Simu yako, Shosh. Mpya kabisa." Shosh ni nyanya, vile vijana wa mjini wanatuita.

"Nimesema nipee hiyo." Nikanyoosha kidole.

"Shosh, hii ya jagi ni ya kuonyesha watu tu."

"Nani ameionyesha?"

"Si ni mimi."

"Na nani ameiona?"

"Wewe, Shosh."

"Basi hiyo ndiyo yangu."

Wewe niambie. Ukienda soko ya Chwele kununua ng'ombe ya maziwa, mtu akukamulie moja mbele ya macho yako, povu ijae kwa kibuyu, halafu ukitoa pesa akuambie ngoja mama, hii ni ya kuonyesha, yako iko kule nyuma imefunikwa na turubai. Utakubali? Mama yangu alitufundisha, kitu ya kununua ni ile umeona tabia yake. Ile ya boksi mimi sijui kama inajua kuogelea.

Kijana akajaribu kunikataza tena, haki sisemi uongo. Akasema, "Shosh, imelowa hii!" Nikamwambia ndiyo, imelowa na haijakufa, kuna dawa ingine kushinda hiyo? Watu wakaanza kupiga kelele, "Mpee Shosh! Mpee Shosh!" Akacheka, akaikausha vizuri, akaitafutia boksi yake, akanipeleka ndani kwa msichana wa kaunta.

Huyo wa kaunta alikuwa mtu wa huko juu Mlima Elgon, aliniita Kogo, hiyo ni nyanya kwa lugha yao. Msichana mpole, lakini haonyeshi meno ovyo ovyo. Akanipea risiti na akasema, "Kogo, iko na waranti ya mwaka mmoja."

"Waranti ni nini, mwanangu?"

"Ikigonjeka bila wewe kuigonjesha, unaleta, tunatibu bure."

Nikasema asante. Nikaenda nyumbani nikiimba. Siku hiyo hiyo jioni ndiyo nilionana na dada yangu kwa hiyo simu mara ya kwanza, tukalia mpaka tukashindwa kupika.

Sasa mahindi ilikuwa imefika magotini wakati nilinunua. Ilipoanza kutoa ndevu, simu ikaanza kuharibika. Naona dada yangu vizuri, halafu anakuwa na mistari kama pundamilia, halafu uso inaingia giza, halafu, pup, inazima. Nikiiwasha inapata joto kama kiazi. Siku zingine ikakataa kuwaka kabisa. Nikaifunga kwa leso nikaipeleka dukani.

Msichana wa kaunta akaichukua, akampea fundi huko nyuma, akaniambia nirudi wiki ingine. Niliporudi aliniangalia kwa huruma, nikajua kuna kifo.

"Kogo, iliingia maji."

"Haikuingia."

"Fundi ameifungua. Ndani kuna kakaratasi kadogo keupe. Kakiguswa na maji kanageuka kekundu." Akanionyesha kwa picha. Kekundu kweli, kama jicho ya mlevi. "Hiyo waranti haishiki. Itabidi ulipe ya kutengeneza."

Akataja pesa. Siwezi kuitaja hapa, mtaanguka. Ilikuwa karibu kushinda ile nilinunua nayo.

Nikaweka kikapu chini. Nikamwambia, "Mwanangu, hii simu mimi naipenda kushinda mguu yangu ya kulia. Niiweke kwa maji kwa nini?"

"Pengine ulipitia nayo kwa mvua."

"Mvua ikikuja naiweka kwa kifua."

"Kogo, kifua inatoa jasho."

"Yangu ilikauka kitambo!"

Mwanaume mmoja alikuwa nyuma yangu akitaka kifuniko ya simu, akacheka mpaka akatoka nje.

Msichana akasema, "Pengine ni mvuke ya sufuria." Sasa ni kweli mimi na dada yangu tunapika nayo. Lakini mkebe ya sukari iko mbali na moto, na mvuke inaenda juu, si kando. Nikamwambia hivyo. Halafu nikakumbuka ile kelele ya spika. "Na si mlisema haiogopi maji? Kama simu haiogopi, waranti ndiyo inaogopa?"

Akapumua. Huyo msichana alikuwa amesema hiyo maneno mara mingi, unaona tu. "Kogo, haiogopi ya kunyunyiziwa. Matone. Lakini ikizama ndani kabisa, hiyo kampuni inakataa. Na kale kakaratasi kanakuwa kekundu hivyo ikizama. Jaribu ukumbuke. Kwa ndoo? Kwa karai? Mtoto hakuitumbukiza?"

Nikajaribu kukumbuka, haki ya Mungu. Nikatembea na akili yangu nyumba yote. Kwa ndoo hapana, kwa karai hapana, kisima sisogei nayo. Nikamwambia haijawahi. Akasema basi atanishikia hapo, nikipata pesa nilipe, nisipopata nikuje niichukue hivyo ilivyo. Nikaiacha. Nilitoka hapo nikihisi nimeacha mtu hospitali.

Sasa mniulize, yule kijana na jagi, sikumkumbuka? Sikumkumbuka! Kwa sababu kwa akili yangu hiyo maji haikuwa ugonjwa. Hiyo maji ndiyo ilinifanya nipende hiyo simu. Ukipeleka mtoto kwa daktari na daktari akuulize amepatwa na nini, wewe utasema ubatizo?

Nikarudia kabambe. Nikapigia mke wa mtoto wa dada yangu nikamwambia amwambie simu imeharibika. Akasema atamwambia. Lakini huyo dada yangu ukimwambia kitu na mikono na hataki kuamini, anafunga macho tu. Maneno imeisha hapo.

Kabla ya wiki kuisha huyo mke wa mtoto akanipigia. "Mama, tafadhali kuja. Amekataa kula."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Anasema umekufa na sisi tunamficha."

Nikakaa chini kwa mfuko ya mbolea. Kwetu mtu mzee akifiwa, watu wanamzunguka na mambo madogo madogo kwanza. Wanamwambia mgonjwa amepelekwa hospitali, wanamwambia barabara ni mbaya, mpaka siku yenye watapata nguvu ya kumwambia. Yeye mwenyewe amefanyia watu hivyo mara mingi. Sasa akaona sura yangu imeingia giza kwa simu, halafu haijarudi, na kila jioni wanampea uji na kumwambia simu, simu, simu. Akajua tu. Akavua leso ya kichwa akaketi chini, vile mtu wa matanga anaketi.

Nikaachia jirani ng'ombe zangu asubuhi hiyo, nikaenda Bungoma. Nilipofika Webuye kubadilisha gari nikanunua ndizi, kwa sababu huwezi kwenda kufufuka kwa watu mkono tupu.

Nikamkuta kwa mlango ya jikoni, chini kwa mkeka. Aliniangalia bila kusema kitu. Yeye, bila kusema kitu! Halafu akainuka na magoti yake mbaya, akanishika uso na mikono yote mbili, akanifinya sikio na nguvu mpaka nikapiga nduru.

"Inauma?" akauliza na ile sauti yake ya ng'ambo ya mto.

Nikaitikia na kichwa.

"Basi ni wewe. Mzimu haisikii uchungu." Halafu akageukia mke wa mtoto wake. "Si mlisema amekufa?"

Yule maskini akashika kichwa. "Mama, hakuna mtu alisema!"

"Leta chai. Na mkate. Na hiyo ndizi, mnangoja nini? Mimi sijakula."

Alikula, ndugu zangu. Alikula mpaka ikabidi nimfichie zingine. Mimi nilimwangalia tu, machozi inaingia kwa chai yangu.

Tulipotulia nikamweleza na mikono. Simu, nikaonyesha. Imekufa, nikalaza kichwa. Maji, nikaonyesha mvua na vidole. Pesa, nikasugua kidole gumba. Halafu nikatikisa kichwa na mikono yote, si mimi, mimi sijaweka maji!

Aliniangalia vile alikuwa ananiangalia nikiwa mdogo nimepoteza kalamu na iko kwa nywele yangu.

"Wewe ni mjinga tangu uzaliwe," akasema. Boma yote ikasikia.

Akachukua kijiko. Akaiinua juu, polepole, vile pasta anainua mtoto. Akaizamisha kwa kikombe ya chai mpaka mkono ikaingia. Akaitoa. Akaipanguza na gauni. Akaiweka kwa sikio na akafanya, "Kiriri, kiriri!" Halafu akapiga makofi.

"Si ndiyo wewe mwenyewe ulinionyesha? Siku ya kwanza? Na kijiko hivi hivi? Ukaniambia simu yako imebatizwa?"

Nikaangalia hiyo kijiko. Chai ilikuwa inatiririka kwa mkono yake mpaka kwa kiwiko. Nikaona jagi, nikaona kijana, nikaona kale kapovu kamoja kanapanda. Mimi nilidhani inapumua, kumbe ilikuwa inakunywa!

Nikamshika nikamkumbatia, tukacheka mpaka mke wa mtoto akakuja kuangalia kama tumepatwa na kitu. Nililala huko, asubuhi nikamwambia na mikono narudi kutafuta simu. Akanishika mkono akakataa kuiachilia. "Ukiingia giza tena," akasema, "mimi nitakuzika." Na alikuwa hachezi.

Nilifika Kitale nikiwa nimejipanga. Nitaingia polepole, nitamwambia yule msichana wa kaunta kwa sauti ya chini, tutaelewana kama watu wazima. Hiyo ndiyo ilikuwa mpango. Lakini nilipokaribia duka nikasikia, buum, buum, spika. Promosheni ingine. Kijana ni yule yule na jagi ni ile ile, na simu iko chini kwa maji inatoa vipovu.

"Kuna mtu hapa ameshanunua hii simu?" anauliza na maiki. "Atokee atupee ushuhuda!"

Sasa mimi ni mama wa kanisa. Miaka yangu yote, mtu akisema ushuhuda, mkono yangu inapanda kabla akili haijaambiwa. Nikajikuta mbele, maiki kwa mdomo.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!" Watu wa Kitale ni watu wazuri.

"Mimi nilinunua hiyo simu. Si ya boksi. Nilinunua hiyo yenyewe, ya jagi."

Kijana akaniangalia vizuri. Macho ikafunguka. "Shosh wa jagi!" Akanikumbatia mbele ya watu wote, karibu tuangushe spika. "Huyu ndiye alikataa ya boksi! Shosh, iko aje?"

Nikasema kwa maiki, "Ilinifurahisha sana, ilikuwa sikio ya dada yangu mwenye hasikii, Mungu ni shahidi. Sasa ni mgonjwa. Imelazwa hapo ndani. Wanasema iliingia maji."

Nilisema tu ukweli. Lakini hiyo kicheko, ai! Mwenye kuuza mahindi ya kuchoma aliacha mahindi. Muziki ikazimwa. Na mlangoni akatokea meneja, mwanaume mnene wa shati nyeupe, ametabasamu lakini tabasamu haijafika kwa macho. "Mama, karibu ndani. Karibu chai."

Tukaingia ofisini, meneja, mimi, kijana, na yule msichana wa kaunta. Sikupewa chai bado. Meneja akageukia kijana. "Uliuza simu ya maonyesho?"

Kijana akarudi nyuma hatua moja.

"Uliuza simu imetoka kwa jagi, ukaiweka kwa boksi, ukapiga risiti? Basi hii ya kutengeneza itatoka kwa mshahara yako."

Nikaona uso ya huyo kijana. Mtu mwenye dakika chache zimepita alikuwa anachezesha mji yote, sasa amekuwa kama mtoto amemwaga maziwa. Angeweza kusema, Shosh ndiye alinilazimisha. Hakusema. Aliangalia viatu yake tu.

Na mimi nilikuwa nimeshinda, mnaona? Ningenyamaza tu ningekunywa chai nirudi nyumbani na simu yangu. Lakini mdomo yangu ni ya ukoo ule ule wa dada yangu.

"Meneja, huyu usimkate kitu. Alinipea ya boksi. Alinikataza hiyo ingine. Mimi ndiye nililazimisha."

Msichana wa kaunta akafunika mdomo. Kijana akainua kichwa.

Meneja akaegemea kiti. "Mama. Kama ni wewe ulilazimisha, si ni wewe utalipa?"

Nikaona dada yangu amevua leso ameketi chini kwa mkeka. Nikasema ndani yangu, ulimi, umeniuza. Lakini kama umeniuza basi unikomboe, kazi ni yako.

"Meneja," nikamwambia, "nililazimisha kuinunua. Sikulazimisha aioshe. Ukileta ng'ombe sokoni, uisukume mwenyewe kwa shimo mbele ya watu, isimame, useme mnaona, hii haivunjiki, na mimi niinunue kwa sababu ya hiyo maneno yako. Mguu ikivimba baadaye, tutauliza nani alipenda ng'ombe, ama tutauliza shimo ilikuwa ya nani?"

Meneja akakuna kidevu. Halafu msichana wa kaunta, yule hacheki, akasema polepole, "Boss, hata mimi nilimwambia asipoigonjesha yeye, tunatibu bure. Na hakuigonjesha yeye."

Meneja akaniangalia. "Mama, kwani ya boksi ilikuwa na shida gani?"

"Sikuwa najua tabia yake."

Hiyo ndiyo ilimmaliza. Tumbo ilianza kutingika kwanza, halafu mabega. Akasema mama yake mzazi, alipomnunulia redio, alikataa kutoka kwa duka mpaka hiyo redio iimbe kutoka asubuhi mpaka habari ya jioni, ati aone kama inachoka. "Nilikaa na yeye siku mzima," akasema. "Kwa benchi. Na alibeba viazi ya kukula." Akapanguza macho. "Dada yako hasikii kweli?"

Nikashika pua nikamwonyesha ile mbuzi ya jirani. Nikamwonyesha na yule mwimbaji wa kwaya. Kijana alicheka mpaka akakalia meza.

Meneja akaita fundi akasema itengenezwe bure, na kijana asikatwe. Halafu akamwambia kijana, "Na kuanzia leo, yenye inaingia kwa jagi ni simu yako mwenyewe."

Mungu wangu, vile huyo kijana alishika mfuko yake haraka! "Boss, si inaweza kuharibika?"

Hapo hata msichana wa kaunta alionyesha meno.

Chai ikaletwa. Ilikuwa na majani kidogo, lakini niliinywa. Kitu ya kuweka ndani ya simu ilikuwa itoke Eldoret, nikangoja. Kijana mwenyewe ndiye alinipigia kwa kabambe kuniambia imefika, na akanisindikiza mpaka kwa stage ya matatu akibeba kikapu yangu, akiambia kila mtu, huyu ndiye Shosh wa jagi.

Jioni hiyo nikawasha moto. Nikapiga. Mke wa mtoto akashika, akakimbia nayo, nikaona miguu ya kuku, nikaona ukuta, halafu uso ya dada yangu ikajaa kioo yote. Alinishika sikio hapo kwa kioo, akafinya. Mimi nikapiga nduru ya uongo na nikaruka. Akaridhika.

"Mbona uko mbali hivyo?" akaniuliza.

Ni kwa sababu nilikuwa nimeegemeza simu kwa mlango, mbali na sufuria kabisa. Waranti yangu bado ina maisha. Nikamwonyesha mvuke na vidole, nikamwonyesha kakaratasi kekundu.

"Sioni ugali! Sioni kama unapika ama umekaa tu! Leta hiyo simu karibu."

Nikatikisa kichwa. Akaanza kuvuta leso ya kichwa, pole pole, akiniangalia na pembe ya jicho. Mwanamke huyu!

Nikaacha mwiko kwa sufuria. Nikavuta kiti mpaka kwa mlango, nikakaa mbele ya simu, uso kwa uso. Akafunga leso yake tena vizuri, akaanza kunipea habari ya boma yote, kuku mpaka ng'ombe, na mimi nikijibu na mikono yote mbili. Nilisikia harufu ya ugali ikiungua nyuma yangu. Yeye hakuona, na mimi sikugeuka.